Springi ya Pili

Mlinzi wa getini ndiye aliyempa jina. Msichana, siku yake ya kwanza kazini, alifika asubuhi na mkoba mgongoni. Mlinzi akamuuliza amekuja kufanya nini kwenye kiwanda cha ndege, naye kwa woga wa ugeni akajibu, "Nimekuja kwa ajili ya miguu." Alitaka kusema ameajiriwa kuwa mhandisi wa kusanifu miguu ya ndege, ile inayobeba magurudumu, lakini maneno yalimtoka nusu. Mlinzi akaitazama miguu yake, akatazama na viatu, akasema, "Hospitali iko barabara ya pili, mwanangu." Kabla ya saa ya chakula cha mchana kiwanda kizima kilikuwa kinamwita Miguu.

Hakikuwa kiwanda kikubwa. Kilikuwa na banda moja refu la mabati, ofisi za ghorofani zenye madirisha yanayotazama chini bandani, na ndege moja tu iliyokuwa inaundwa, ya kwanza ya aina yake: ndogo, ya abiria wachache, ya kutua kwenye viwanja vya udongo ambako ndege kubwa hazithubutu. Ingebeba wagonjwa, dawa, na yeyote mwenye haraka. Wengine walipewa mabawa, wengine injini. Miguu na jirani yake wa meza, kijana aliyeitwa Nukta kwa sababu hakuweza kutaja namba bila kuongeza tarakimu tatu baada ya nukta, walipewa miguu.

Juu yao alikuwepo mkuu wa usanifu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakuna mchoro uliopita mezani kwake bila swali lile lile: "Hiki kina uzito gani, na kwa nini?" Kwa hiyo wote walimwita Mzee wa Kilo, ila si mbele yake.

Mguu wa ndege ile ulikunjwa na kuingizwa tumboni kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Wakati wa kutua ulishuka, na mkono wa chuma ulioushikilia ukanyooka kama kiwiko. Mkono ukishanyooka na kupita kidogo tu, ulijifunga wenyewe, na hapo hata ndege itue kwa kishindo mguu haukunjiki. Na pampu ikifa angani? Rubani angevuta mpini mwekundu, kulabu zinazoushikilia tumboni zingefunguka, mguu ungeanguka kwa uzito wake, na springi mbili zingemalizia ile safari fupi ya mwisho ya kuunyoosha mkono.

Miguu aliziangalia springi hizo mbili kwa miezi. Akapiga hesabu, akazirudia, akaona springi moja nene ingetosha. Akaiondoa ya pili kwenye mchoro, pamoja na vishikizo vyake na bolti zake. Mzee wa Kilo alipousoma mchoro ule alisimama kitini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akampigia makofi mbele ya ofisi nzima. Miguu alirudi nyumbani siku hiyo kama anayetembea juu ya pamba.

Nyumbani aliishi na mama yake, mwalimu wa michezo mstaafu, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Miguu alimfanyisha mazoezi pale sebuleni, kati ya meza na kochi.

"Kunja, mama."

"Nimekunja."

"Hujakunja goti. Umekunja uso."

Mama alishusha pumzi, akajaribu tena. "Watu wananisifia huko nje, eti binti yangu anatengeneza miguu ya ndege. Kumbe ya mama yake imemshinda."

"Ya ndege hailalamiki. Kunja."

Mama akakunja, huku akimkumbusha ni nani aliyemfundisha kutembea.

Majaribio ya miguu yalianza Jumatatu moja. Ndege ilikuwa imeinuliwa juu ya jeki, magurudumu yamefichwa tumboni tangu Ijumaa, na kamba zenye mawe ya mizani zilikuwa zimefungwa tayari kuivuta miguu pembeni, badala ya upepo wa angani. Fundi wa majaribio, pande la mtu lenye mabega kama mlango, aliketi kwenye kiti cha rubani akavuta mpini mwekundu. Mguu wa pua ukashuka ukajifunga. Wa kulia ukashuka, kacha, ukajifunga. Wa kushoto ukashuka, ukapunguza mwendo, ukasimama. Mkono wake ulikuwa umebakiza upana wa kidole tu kunyooka.

Fundi akateremka, akausukuma kwa kiganja. Kacha.

"Umeamka na usingizi huu," akasema, na watu wakacheka.

Wakapaka grisi kwenye viungo, wakaukunja, wakaushusha. Ukajifunga. Wakarudia, ukajifunga. Wakarudia hadi jioni, na haukukosea tena hata mara moja. Nukta akaandika kwamba mguu umefaulu baada ya kupakwa grisi, watu wakafunga masanduku ya vifaa wakaenda zao.

Miguu hakwenda. Aliketi kwenye kigoda chini ya bawa, chai ikipoa mkononi. Grisi imetibu nini hasa? Viungo vilikuwa vipya na visafi, tena mguu wa kulia ulijifunga bila grisi yoyote. Akajiuliza ile mara ya kwanza ilikuwa na kitu gani ambacho mara nyingine zote hazikuwa nacho. Alipopata jibu, aliweka kikombe chini.

Mara ya kwanza mguu ulikuwa umekaa ukiwa umekunjwa tangu Ijumaa. Mara nyingine zote ulikunjwa na kushushwa papo hapo. Ndani ya silinda yake, ile inayosukumwa na mafuta, mlikuwa na vipete vya mpira vya kuzuia mafuta yasivuje. Vipete vile vikikaa mahali pamoja muda mrefu hung'ang'ania chuma kama lebo kwenye chupa. Ukivivuta mara ya kwanza vinagoma. Vikishabanduka, vinateleza siku nzima. Wa kulia huenda uliponea chupuchupu tu. Wao walikuwa wamevibandua kwa kile kiganja cha fundi, halafu wakajisifu kwamba vinateleza. Lakini rubani aliye angani ana ile mara ya kwanza tu. Tena huko juu kuna baridi, na baridi huukaza mpira zaidi.

Springi ya pili ingeushinda ung'ang'anizi ule. Aliyeiondoa ni yeye.

Usiku ule hakula vizuri, wala hakumwambia mama kitu. Kulipokucha alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mzee wa Kilo, akaeleza yote bila kukaa.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Binti, mguu umefaulu. Wiki ijayo ndege inaruka. Wageni wamealikwa, turubai limeshafungwa uwanjani. Unataka nini?"

"Umefaulu ukiwa umeshaamshwa, mzee. Nataka kuujaribu ukiwa umelala. Ukunjwe Ijumaa, usiguswe mpaka Jumatatu, na silinda zizungushiwe barafu."

"Na ukikwama?"

"Nitarudisha springi ya pili."

"Na kilo zake?"

"Na kilo zake."

Mzee aliukuna utosi. "Na nikikataa?"

Miguu akaweka kalamu yake mezani. "Basi kwenye karatasi ya miguu, sahihi yangu haitakuwepo."

"Unanitishia?"

"Hapana, mzee. Nakuambia mapema ili baadaye usishangae."

Mzee akageukia dirishani, akaitazama ndege iliyokuwa juu ya jeki zake. "Wikiendi banda linafungwa hata hivyo," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Fanya. Ila jaribio ni moja. Usije kuniambia unataka na la Alhamisi."

Habari zilienea haraka. Fundi wa majaribio alimkuta kwenye bomba la maji. "Wenzako wakikosea hufukia, dada. Wewe unaomba na koleo la kufukulia?"

"Nisipofukua mimi, watafukua uwanjani."

Nukta naye alimgeuzia kompyuta. Hesabu zake zilionyesha nguvu ya springi moja inatosha na inabaki, tena kwa asilimia ishirini na nne nukta tatu sita mbili.

"Umeweka vipete vilivyong'ang'ania?" Miguu akauliza.

Nukta akapekua kurasa zake, akapekua tena. "Nimeweka vipya."

"Basi umehesabu ndege ambayo haijawahi kulala."

Nukta hakununa. Alivuta kiti chake karibu, wakaanza kuhesabu upya pamoja. Namba mpya haikuwa ya kufurahisha, lakini hesabu ni hesabu. Wengi pale kiwandani walitaka kuona kwa macho.

Jumatatu alfajiri Miguu alifika na mifuko ya barafu aliyoinunua kwa wauza vinywaji, akaifunga kuzunguka silinda kwa matambara, vidole vikifa ganzi. Kazi ilipoanza, watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Alikuwepo pia rubani wa majaribio, mwanamke mwenye mvi aliyerusha ndege tangu wengi wao wakiwa shule ya msingi. Kila mtu kiwandani alimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale.

"Kama ni mimi nitakayeuvuta huko juu," Shangazi akasema, "niuvute na hapa chini." Akapanda, akajifunga mkanda kana kwamba anaruka kweli, akavuta mpini mwekundu.

Kulabu zikaachia. Miguu yote mitatu ikashuka. Wa pua ukajifunga. Wa kushoto ukasimama, na safari hii ulibakiza zaidi ya upana wa kidole. Wa kulia nao, ambao haukuwahi kumsumbua mtu, ukasimama vile vile.

Hakuna aliyecheka. Ilisikika sauti ya maji ya barafu tu, yakidondoka sakafuni.

"Naona taa moja tu, ya pua!" Shangazi akapiga kelele kutoka juu. "Huko chini kukoje?"

"Ndivyo kulivyo," fundi akajibu kwa unyonge.

Shangazi akateremka, akainama chini ya bawa hili, akaenda chini ya lile. "Ningekuwa angani, sasa hivi nakwaruza lami kwa tumbo," akasema. "Nani aliyetaka jaribio hili?"

Macho yote yakamgeukia Miguu. "Ni mimi, Shangazi."

"Na nani aliyeondoa springi?"

"Ni mimi pia."

Shangazi akacheka kicheko kifupi kikavu. "Vizuri, tumeokoa muda wa kutafuta mtu wa pili. Tengeneza, mwanangu. Ukimaliza niite, nitapanda."

Mzee wa Kilo alikuwa ameshatoa simu mfukoni na kwenda pembeni. Sauti ya mkurugenzi ilisikika hadi alipokuwa amesimama Nukta. Mchana turubai lilifunguliwa, viti vikapakiwa kwenye gari, na wageni wakaambiwa wasubiri. Mafundi waliokuwa wameahidiwa likizo baada ya ndege kuruka wakaambiwa likizo nayo isubiri. Siku zile Miguu akipita bandani, mazungumzo yalikatika.

Mama alimsoma usoni jioni hiyo hiyo. Alipoelezwa, aliweka kijiko chini.

"Kwa springi moja walikupigia makofi?"

"Walinipigia."

"Na kwa mbili?"

"Kwa mbili wameninunia."

"Basi kula ushibe. Kesho una kazi, na wanaonuna wana yao."

Kazi ilikuwepo, tena ya kutoa jasho. Kuirudisha tu springi ya zamani haikuwezekana, maana nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta yake. Miguu akajaribu njia ya mkato: springi moja, lakini kali mno. Mguu ulishuka kama nyundo, mkono ukagonga, ukaruka, ukafunguka tena. Na walipotaka kuukunja, pampu ililia kama inanyongwa. Fundi wa majaribio alizima mitambo. Miguu akaufuta mchoro ule, akaanza ukurasa mpya.

Safari hii aliweka springi mbili za wastani, na akajiwekea sharti kwamba kila moja, ikibaki peke yake, iweze kumaliza kazi. Nyingine ikikatika, rubani asijue tofauti. Mpira wa breki akauhamishia nyuma ya mguu, akamwomba mchongaji vyuma vishikizo vipya, vikaja vikubwa kidogo, vikarudishwa, vikaja tena. Walivifunga, wakagandisha silinda kwa barafu, wakashusha. Wakamwaga vumbi la udongo kwenye viungo, wakashusha. Wakaitoa springi moja kwa makusudi, wakaiacha miguu imekunjwa wikiendi nzima, wakashusha. Kacha, kacha, kacha. Wiki ya tatu fundi wa majaribio alianza kumletea chai bila kuombwa, na ikifika Ijumaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Leo tunailaza na vumbi au bila vumbi?"

Ikabaki karatasi ya uzito. Springi mbili mpya na vishikizo vyake vilikuwa vizito kuliko zile mbili za mwanzo, kabla ya moja kuondolewa kwa makofi. Mzee wa Kilo aliisoma namba ile kama mtu anayesoma habari za msiba.

"Hakuna pa kupunguza?"

"Nimepunguza pote palipokubali, mzee. Paliposalia pamekataa."

Mzee akachukua kalamu, akasaini. "Hizi kilo nitazitafuta kwenye viti," akanung'unika. "Watu wa viti wamelala muda mrefu." Miguu alipofika mlangoni alimwita tena. "Binti. Siku ile nilisimama kupiga makofi mapema. Nilipaswa kukuuliza kwanza, ikigoma itakuwaje. Siku nyingine nitauliza."

Ndege iliruka asubuhi ya mawingu mepesi, bila turubai wala wageni. Ilikuwa mara yake ya nne kuruka. Zile tatu za mwanzo pampu ilifanya kazi yake bila tatizo. Leo Shangazi alitakiwa apande juu kwenye baridi, akae huko miguu ikiwa imekunjwa hadi igande, kisha aizime pampu na kuvuta mpini mwekundu. Chini, Miguu, Nukta, fundi na Mzee wa Kilo waliizunguka redio iliyowekwa juu ya pipa kando ya uwanja.

"Nimezima pampu," sauti ya Shangazi ikakwaruza redioni. "Navuta."

Miguu akasogeza sikio karibu na redio.

"Pua, kijani. Kulia, kijani." Redio ikanyamaza. Nukta akafumba macho. Miguu alikuwa ameushika ukingo wa pipa, akiutazama mgongo wa redio kana kwamba angeweza kuusukuma mguu ule kutoka pale aliposimama.

"Kushoto, kijani. Zote tatu. Narudi nyumbani."

Fundi wa majaribio alimnyanyua Nukta juu kama mtoto. Mzee wa Kilo alitoa leso akajifuta shingo, akaipangusa na redio bila kujua anachofanya. Ndege ikatokea chini ya mawingu na miguu yake mitatu imenyooka, ikateremka, ikagusa lami kwa moshi mdogo wa matairi, ikakimbia, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Shangazi alipoteremka alimkumbatia Miguu, akamwambia mguu wake una adabu. Watu wakaelekea bandani, ambako mtu alikuwa ameleta soda na keki. Mzee wa Kilo alihesabu vichwa, akaona kimoja kimepungua. Akarudi uwanjani, akamkuta Miguu amelala chali chini ya bawa la kushoto, tochi mkononi.

"Kuna nini tena?"

"Huu umechelewa, mzee. Wa kulia ulitangulia, huu ukavuta muda."

"Lakini umejifunga."

"Umejifunga. Lakini umechelewa, na bado sijui kwa nini."

Mzee alitazama bandani walikokuwa wanakata keki, akatazama suruali yake iliyopigwa pasi. Akavua koti, akalitundika kwenye propela, akalala chini kando yake. "Sogea. Mulika hapa juu."

Walitafuta muda mrefu, huyu akishika, yule akimulika, hadi Miguu alipopitisha kidole nyuma ya mguu na kuugusa mpira wa breki. Kibano kilichoushikilia kilikuwa kimefungwa kinyume. Mguu ulipokuwa ukinyooka, mpira ulijipinda na kuurudisha nyuma kidogo, kama mtoto anayemvuta mama yake sketi. Upande wa kulia kibano kilikuwa kimekaa sawasawa.

"Mchoro unasemaje?" Mzee akauliza.

Miguu akafikiri. "Mchoro hausemi. Sikuonyesha upande. Mtu anaweza kukifunga vyovyote na asiwe na kosa."

Akakifungua, akakigeuza, akakikaza. Kisha akapanda ghorofani akiwa bado na vumbi mgongoni, akaufungua mchoro wa kibano, akakiongezea pembe ndogo upande mmoja ili kikifungwa kinyume kisiingie kabisa. Nukta alimletea kipande cha keki akakiweka pembeni ya kompyuta.

Siku mbili baadaye Shangazi alipanda tena kwenye baridi, akakaa huko, akazima pampu, akavuta. Kabla hajamaliza kutamka "pua," taa zote tatu zilikuwa zimeshawaka.